Gari lililotumika la kwendea kazini: nafuu, lakini la kufurahisha

Swali: Wanajamvi, natafuta gari lililotumika la safari za kila siku, lisilo ghali wala lisilokunywa mafuta kupita kiasi, lakini linalonipa raha ninaposhika usukani. Nimevutiwa na Mazda MX-5 na Suzuki Swift Sport yenye injini ya lita 1.6. Nichague lipi?

Jibu la kwanza: MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ni nyepesi, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye kona ndipo utakapoipenda, ila ina viti viwili tu. Kabla ya kulipa, inama uangalie chini ya milango, karibu na magurudumu ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo kutu hujificha, na rangi mpya mahali hapo pekee inatosha kukutia shaka.

Jibu la pili: Ningechukua Swift Sport, maana ina viti vya nyuma na injini yake hutumia cheni ya taimingi (ile inayofanya vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake) badala ya mkanda. Usikubali kulikuta gari limeshapashwa moto: cheni iliyolegea husikika ikigongagonga sekunde za mwanzo baada ya kuwasha injini ikiwa baridi.

Jibu la tatu: Pima na klachi. Panda mlima kwa gia ya tatu ukikanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukiruka bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha, na gharama yake ikatwe kwenye bei.

Muulizaji: Nashukuru sana. Kwa kuwa nabeba watoto, nitakwenda kuiona Swift Sport asubuhi na mapema, pamoja na fundi wangu.