Kurekebisha risasi za kiwandani nyumbani, inafaa kweli?

MtuWaDallas: Wakuu habari. Niko Texas mwaka wa tatu, nina bastola ya 9mm kihalali. Risasi za kujihami, zile zenye tundu kichwani, bei imesimama, za mazoezi nafuu. Jamaa mmoja tunayepiga naye shabaha anasema yeye za mazoezi anazichokonoa mwenyewe nyumbani zipanuke zikigonga, kama zile za bei. Ni kweli au ananipoteza?

Kipusa_Tanga: Anakupoteza. Risasi nyingi za mazoezi zimevishwa koti la shaba, nyuma liko wazi. Ukiliharibu na huko mbele, moshi wa baruti unaweza kusukuma ile madini ya risasi iliyo ndani ya koti itoke peke yake koti likabaki limenasa kwenye mtutu, ukifyatua ya pili mtutu unakupasukia mkononi. Presha ya 9mm inafika psi 35,000 kaka, usicheze.

Msomaji254: Si hizo ndio dumdum, risasi za kupanuka mwilini, zilipigwa marufuku kwenye mkutano wa The Hague 1899? Utashtakiwa.

Kipusa_Tanga: Ile ni ya vitani. Polisi wa Marekani wanabeba zenye tundu kila siku. New Jersey ndiko wanabana raia kutembea nazo.

Mzee_Kijana: Hata viwanda vilichemka. Miami, Aprili 1986, FBI walipambana na majambazi wawili, risasi ya 9mm ya kiwandani kabisa ikamwingia mmoja ikaishia karibu na moyo, jamaa akaendelea kupiga, maajenti wawili wakafa. Ndo FBI wakaja na vipimo vya kupiga kwenye jeli inayoigiza nyama ya mwili, wanataka izame inchi 12 mpaka 18. Sasa wewe jikoni kwako unapima na nini? Hizo ni akili za fundi wa chini ya mwembe.

Gereji_ya_Baba: Mzee_Kijana hapo umenigusa pabaya. Chini ya mwembe ndiko baba yangu alikosomeshea watoto sita, gari zilizoshindikana kwa wenye vyeti zilikuwa zinaletwa kwake zinavutwa na kamba. Ongea risasi, mafundi waache.

Mzee_Kijana: Ndugu sijamgusa mzee wako. Nasema kuna kazi hazitaki kukisia.

Gereji_ya_Baba: Baba hakukisia hata siku moja! Alikuwa anasikiliza injini.

Binti_Rufiji: Jamani mafundi hawalingani. Kwetu wahunzi walikuwa wanatengeneza magobole, mjomba alikwenda kuwinda nguruwe wanaomaliza mahindi, likampasukia, vidole viwili vikaenda. Na mhunzi alikuwa mtu hodari, tunamheshimu mpaka leo.

Msomaji254: Gobole bila kibali si ni kesi? Huku Kenya hata risasi moja tu bila cheti unalala ndani.

Binti_Rufiji: Nguruwe akishamaliza shamba utamwonyesha kibali?

MtuWaDallas: Wakuu, na swali langu?

Kipusa_Tanga: Nunua boksi moja la 20 la kujihami, piga chache ujue bastola yako haizikwamishi, zilizobaki weka. Mazoezi piga za bei nafuu kama zilivyotoka kiwandani. Na huyo jamaa akianza kufyatua usisimame jirani naye.

Gereji_ya_Baba: Mzee_Kijana bado nakusubiri, ile kauli ya mwembe hujaifuta.