Kampuni mpya inataka niwe mshauri wa kujitegemea, nianzie wapi?

Binti_Upepo
Habarini wadau, naombeni mawazo. Kuna kampuni mpya ya vipodozi inatafuta washauri wa kujitegemea, yaani sio ajira, mshahara hamna, unanunua kifurushi cha kuanzia, unauza kwa katalogi na mtandaoni halafu unalipwa kamisheni. Bidhaa nimezitumia na nimezipenda kweli. Aliyenialika anasema niwahi maana kampuni bado changa, na nichukue kifurushi kikubwa ili nipande daraja haraka. Mkataba bado sijasaini. Mliopita huku mngeanzaje?

Mzee_wa_Oda
Dada chukua kifurushi kidogo kabisa. Wengi wanaoumia huku wanaumizwa na mzigo uliojaa chumbani, walinunua ili wafikishe kiwango cha mwezi, na kampuni ikishakuuzia wewe yenyewe imeshamaliza, wewe ndo unabaki na makopo yanaisha muda. Uza kwa oda, mteja alipe ndo uagize. Na hela ya mzigo iwe na akaunti yake, andika kila kitu mpaka bando na nauli, maana mtu anaangalia kamisheni tu anasema nimepata, akitoa gharama hamna kitu.

Kipepeo_S
Naongezea kwenye mkataba. Tafuta kipengele cha kurudisha mzigo. Kanuni za maadili za WFDSA, shirikisho la dunia la uuzaji wa moja kwa moja, zinataka mtu akijitoa kampuni inunue tena mzigo wake unaouzika alionunua ndani ya miezi 12, ikate isizidi asilimia 10 ya bei aliyonunulia. Waulize wao kwao ikoje na wakujibu kwa maandishi. Halafu kwa kuwa ni kampuni mpya, uliza wakibadilisha kamisheni wanakupa taarifa mapema kiasi gani, hizi changa hubadilisha mipango sana na hapo ndo watu wanakata tamaa.

NdugaMtulivu
Mimi naangalia kitu kimoja kwanza, hela inatoka wapi. Kama bonasi kubwa zinatokana na kusajili watu wanaonunua vifurushi, achana nayo hata ukiwa wa kwanza kabisa. Mwaka 2016 kule Marekani tume ya biashara FTC iliibana Herbalife, kampuni ya virutubisho inayouza kupitia wasambazaji, nayo ikakubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake ili angalau theluthi mbili ya malipo kwa wasambazaji yatokane na mauzo ya rejareja yanayothibitika. Hicho ndo kipimo, je kuna mtu ambaye hajajiunga ananunua kwa sababu anaitaka bidhaa? Kama wapo na wanarudi kununua tena, hapo pana biashara.

Binti_Upepo
Asanteni sana wakuu. Nimemuuliza kuhusu kurudisha mzigo ameniambia nisiwaze hayo mapema, nimemjibu sisaini mpaka nione kwa maandishi. Majirani kadhaa wameshaulizia losheni na hawana habari na mambo ya kujiunga. Mzee_wa_Oda, mteja nimwambie alipe yote au nusu?

Mzee_wa_Oda
Mgeni alipe yote, unayemjua nusu inatosha, salio siku anapokea. Mwandikie risiti hata ya kwenye simu na mtajie siku mzigo unafika, ukichelewa mpigie wewe kabla hajakupigia yeye.