Kenya haina dini ya taifa: Mahakama za Kadhi ziliingiaje katika Katiba?

Msomaji wa Nakuru
Ndugu zangu, Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, lakini Kifungu cha 170 kinaweka Mahakama za Kadhi, zenye Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Mimi ni Mkristo na siulizi kwa ubaya: mambo haya mawili yanapatanaje?

Mzaliwa wa Lamu
Kabla ya uhuru, Mwambao, yaani ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi 1963. Oktoba mwaka huo, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliafikiana kwa barua kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na Kenyatta akaahidi kuwa mamlaka ya makadhi yatahifadhiwa wakati wote. Kwetu sisi hiyo si hisani ya serikali bali ni sharti la kuungana.

Wakili
Ni kweli, ila haitoshi, kwa kuwa ahadi ilihusu Mwambao ilhali leo kadhi anaketi hata Garissa na Nairobi. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika mipaka ya mamlaka yenyewe: kadhi husikiliza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama hiyo, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inatambua ndoa za Kikristo na za Kihindu, wala sijasikia mtu akilalamika kuwa Kenya imegeuzwa nchi ya Kihindu.

Mama wa Mombasa
Wakili, umekiruka Kifungu cha 24(4), kinachoruhusu haki ya usawa ipunguzwe, kwa kiasi kinachohitajika kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya makadhi. Kwa binti anayerithi nusu ya fungu la kaka yake, mzozo uko hapo, wala hauko kwenye dini ya taifa. Na hiyo hiari uliyoitaja, je, binti ambaye kaka na ami zake wameshafungua kesi kwa kadhi anaweza kweli kusimama mbele yao na kusema kwamba yeye anataka Mahakama Kuu?