CRP 28 siku moja baada ya marathoni: maambukizi au ni mbio zenyewe?

Nyayo42
Wakuu, naombeni msaada wa kusoma majibu haya. Mwanaume wa miaka 38, kakimbia kilomita 42 za Moshi Jumapili asubuhi. Jumatatu saa nne akatolewa damu ya uchunguzi wa afya kazini. CRP (protini ya ini inayopanda mwili ukiwa na mchochota, yaani ukiitikia jeraha au maambukizi) 28 mg/L (maabara wameandika kawaida ni chini ya 5), seli nyeupe 11.8, na vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini: AST 96, ALT 47. Hana homa, hakohoi, mkojo uko sawa, ila ngazi anashuka kinyumenyume. Kaandikiwa antibayotiki ya siku saba na kuambiwa ini lina shida. Ameze?

MezaYaMaabara
Mkuu, kabla ya namba tazama saa. Damu imetolewa kama saa 24 baada ya mbio, na hapo ndipo CRP ya marathoni huwa kileleni.

Misuli ikifanya kazi ngumu kwa muda mrefu hutoa yenyewe intalukini-6, kemikali inayopeleka ujumbe wa mchochota, bila kidudu chochote. Mtu anapomaliza mbio, kiwango chake kinaweza kuwa mara kumi hadi mia ya kile cha asubuhi, na kesho yake kimeshashuka karibu na kawaida. Lakini ini limeshapata ujumbe, linatengeneza CRP. Ndiyo maana CRP unaikuta juu wakati aliyeiagiza keshaondoka.

Seli nyeupe hutangulia. Adrenalini na kotisoli huzibandua neutrofili (aina ya seli nyeupe) zilizoshikamana na kuta za mishipa, hesabu inapanda hata mara mbili au tatu kwa saa chache. Hiyo 11.8 ni mabaki.

AST na ALT zimo pia kwenye misuli, AST zaidi. Msilisingizie ini kabla ya kupima CK (kimeng'enya cha misuli) na GGT (cha ini, hakitoki kwenye misuli). CK ikiwa elfu moja, mbili au tatu na GGT ikawa kawaida, hiyo ni misuli.

Arudie CRP Alhamisi, na asikimbie hapo katikati. Kila saa 19 hivi nusu ya CRP huondoka kama hakuna mpya inayotengenezwa. Alhamisi ikiwa chini ya 10, hakuna cha kutibu. Ikibaki palepale au ikipanda, kuna kitu kingine, kitafutwe. Kwa hiyo arudi kwa daktari amwambie habari ya mbio, maana inaelekea hakuulizwa.

Mambo mawili hayasubiri Alhamisi: homa (apimwe malaria siku hiyohiyo), na mkojo wa rangi ya kola. Huo wa pili ni misuli inayomwaga mayoglobini, protini yake, figo ziko hatarini, aende hospitali.

KochaMteremko
Njia yenyewe ina mchango. Unapanda kuelekea Mweka, halafu unashuka, na kushuka ndiko kunakochana nyuzi: msuli wa paja unakaza huku unarefushwa. Tambarare ya umbali uleule isingemfanya ashuke ngazi namna hiyo. Mara nyingine aingize mteremko mara moja kwa wiki, vipande vinne hadi sita vya dakika mbili, cha mwisho siku kumi kabla ya mbio. Msuli uliowahi kushuka hauumii sana safari ijayo.

Na ale njiani. Glaikojeni (akiba ya wanga mwilini) ikiisha, misuli hutoa intalukini-6 nyingi zaidi. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa; ndizi mbivu ya wastani ina kama 25.

Kifua_Mbele
Si amalize na ibuprofeni pamoja na vitamini C gramu moja kila siku? Mchochota wote unazimika.

Mfamasia_Zamu
Hapana. Kwenye mbio za kilomita 160 za Western States kule California, waliotumia ibuprofeni walikutwa na alama za mchochota zilizo JUU kuliko wasiotumia, na sumu za bakteria wa utumbo zikivuja kwenye damu. Ongeza figo zilizokaukiwa maji. Vitamini C nyingi kila siku nayo inaweza kupunguza faida ya mazoezi, kwa sababu mwili hujijenga kwa kujibu msukosuko huohuo.

Nyayo42
Asanteni. Feritini (kipimo cha akiba ya chuma) pia ilipimwa, 140. Basi chuma kinamtosha?

MezaYaMaabara
Haiaminiki bado. Feritini nayo hupanda na mchochota, kwa hiyo inaweza kuficha upungufu. Aipime akiwa amepumzika siku tano hadi saba, pamoja na CRP, ili ionekane kwamba CRP imeshatulia.

Akija kuandikiwa vidonge vya chuma, saa ya kumeza ni muhimu. Intalukini-6 hupandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma utumboni, na hiyo huwa juu saa tatu hadi sita baada ya mazoezi makali. Ameze asubuhi kabla ya kukimbia, au ndani ya nusu saa akimaliza. Chai isubiri, maana inazuia chuma kufyonzwa.