Kwa nini ugonjwa wa skizofrenia humrudia mtu aliyekwisha kupata nafuu?

BintiPangani: Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume alitibiwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, akapata nafuu, hata akarejea kwenye useremala wake, lakini ugonjwa umemrudia mara mbili, na kila mara wazee huzua sababu mpya: leo husuda ya majirani, kesho mawazo ya kazi. Naomba kujua ni mambo gani hasa huurudisha, na kama aliyemaliza mwaka mzima bila kusikia sauti anaweza kuachishwa dawa.

MuuguziMstaafu: Pole sana, dada. Kuacha dawa ndiko kunakoongoza. Uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2012 ulionyesha kuwa, ndani ya takriban mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu 27 katika kila 100 walioendelea na dawa, na 64 katika kila 100 waliohamishiwa plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake, ilhali kabla ya hapo walikuwa wametulia. Kinachowapoteza ndugu ni kwamba mara nyingi haurudi papo hapo. Wiki au miezi hupita mgonjwa akiwa mzima, kila mtu akaamini amepona. Kwa hiyo, asiachishwe dawa kwa uamuzi wa kikao cha nyumbani. Muulizeni pia, kwa upole, dawa zinamfanyaje. Seremala ambaye mikono inamtetemeka hawezi kushika patasi, na huenda akaona afadhali atupe vidonge kimyakimya kuliko kukosa riziki. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kumwanzishia sindano ya kila mwezi.

Mwanamvua: Naongezea bangi, mirungi na pombe, ambavyo humrudisha nyuma hata yule anayemeza dawa zake vizuri. Jambo jingine, ambalo familia hazipendi kulisikia, ni maneno ya nyumbani. Tangu miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza George Brown na wenzake walipowafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za London, imeonekana kwamba anayerudi kwenye nyumba ya lawama, uhasama, au ya kuchungwa kupita kiasi kama mtoto mdogo, huugua tena kwa urahisi zaidi. Hiyo haina maana kwamba ninyi ndio mliomletea ugonjwa.

BintiPangani: Ahsanteni. Mikono inamtetemeka kweli, na kaka yetu mkubwa humwita mvivu mbele ya wageni. Je, kuna dalili za mapema?

MuuguziMstaafu: Zipo, na kwa kawaida kila mgonjwa ana zake, tena hujirudia vilevile. Wengi huanza kwa kukosa usingizi, kisha hujitenga, hushuku chakula au majirani, na kuacha kuoga. Kumbukeni alianzaje mara mbili zilizopita, mziandike, na mkiziona tena mpelekeni kliniki mara moja bila kusubiri tarehe aliyopangiwa. Wazee wakitaka kumwombea dua, waombe, mradi dawa zisikatizwe.