Yule mpiga video wa gimbali ameharibu harusi ya dada yangu, na leo ametutukana juu yake!

Kaka_wa_Bibi_Arusi: Wandugu wa Goma, nimetoka kwake sasa hivi, mikono ingali inatetemeka. Simtaji. Munamujua nyote: yule anayebeba gimbali, kile kishikio cha kamera chenye mota, hata akienda kununua makala, utadhani ni fimbo ya mwami.

Jumamosi, sale ya Himbi. Pete inaingia kidoleni. Mama analia. Na kamera? Inamfuata kijana wa kreti ya bia ya Primus! Kutoka meza ya maarusi mpaka mlango wa jikoni, polepole, bila kutikisika hata kidogo, kijana eko katikati ya picha kama waziri anayepokelewa uwanja wa ndege. Nimehesabu chupa: 12. Pete sijaiona.

Mwenyewe alikuwa wapi? Kwenye skrini alichora kile kiboksi cha kufuatilia, kinachoambia kamera imfuate nani, kwenye uso wa dada, akasimamisha mashine juu ya miguu yake mitatu, akaenda kukaa na sahani ya samaki sambaza. Dola 150 tumelipa!

Leo namuuliza, ananijibu mbele ya watu, karanga mdomoni: "Mashine eko na akili. Inafuata mwenye sura."

MWENYE SURA! Dada yangu! Ati kreti ina sura kumshinda bibi arusi! Mama amesikia, amelala bila kula. Mwenye sura!

Chukudu_Bila_Breki: Utume hiyo video tafadhali. Kijana wa kreti ni shemeji yangu, hatuna picha yake nzuri hata moja.

Mama_Sambaza: Huyo! Kule Katindo alimaliza sambaza zangu mpaka vichwa, akaomba za kufunga.

Fundi_Birere: Gauni jeupe mbele ya pazia jeupe, na kijana wa kreti anakatiza mbele. Shati lake la rangi gani?

Kaka_wa_Bibi_Arusi: Jekundu.

Fundi_Birere: Basi. Kiboksi kilimpoteza dada, kikarukia shati. Wakati wa pete unazima ufuatiliaji, unashika mwenyewe.

Kaka_wa_Bibi_Arusi: Na pale nje, tukiingia juu ya mawe ya volkano, picha inaruka kama chura!

Fundi_Birere: Hayo ni magoti yake. Mota tatu za gimbali zinazuia kamera kuinama, kulala na kugeuka. Kupanda na kushuka kwa hatua zako haziondoi. Unakunja magoti, unatembea kama mwenye kubeba maji.

Kaka_wa_Bibi_Arusi: Sikuuliza mota! Amesema kreti ina SURA!

Chukudu_Bila_Breki: Shemeji yangu eko na sura kweli, lakini.

Nyota_Majengo: Wewe angalau uko na video. Wa kwangu, tangu mwezi wa tatu ananiambia "bado iko kwenye ordinateri". Mtoto wa ile harusi ameshaanza kukaa.

Mama_Sambaza: Musinikumbushe ahadi! Mshonaji wangu alipewa vitenge 6 vya familia, akarudisha 4, na blauzi yangu mkono mmoja unafika kiwiko, mwingine kidole.

Nyota_Majengo: Si yule wa karibu na soko la Virunga?

Mama_Sambaza: Ndiye! Alikushonea nini?

Nyota_Majengo: Suruali ya bwana. Hawezi kukaa chini nayo.

Kaka_wa_Bibi_Arusi: Jamani, na mambo ya dada yangu?

Chukudu_Bila_Breki: Nyota, alikudai na pesa ya nyuzi?

Nyota_Majengo: Mara mbili!