Naomba ushauri: kumtembeza mama Jongmyo na mlima Inwangsan, Seoul

Wakuu habari za saizi, naombeni msaada kwa waliowahi kuishi au kusoma Korea Kusini. Mama anakuja kunitembelea huku Seoul mwezi wa kumi na anapenda mno historia, sasa nataka tupate mwongoza watalii, tuanzie hekalu la Jongmyo pale vinapotunzwa vibao vya roho za wafalme na malkia wa Joseon (ufalme wa zamani wa Korea), halafu twende Inwangsan tukaone Guksadang, lile hekalu la waganga wa jadi ambalo zamani lilikuwa juu ya mlima Namsan ila Wajapani walipojenga hekalu lao kule, mwaka 1925 likahamishwa. Hiyo stori ndo kitu nataka mama aisikie vizuri, sitaki mtu wa kutupitisha haraka haraka tupige picha tusepe.

Shida ni magoti yake. Kutoka stesheni ya Dongnimmun njia inapanda na kuna ngazi, na juu kidogo ya Guksadang kuna Seonbawi, jiwe kubwa lenye mashimo mashimo kama mtawa aliyevaa joho, watu wanaenda kuliomba hasa wanaotafuta mtoto. Je atafika bila kuteseka, au teksi inasogea mpaka karibu na geti la hekalu la Inwangsa? Ukuta wa mji wa 1396 nimeshautoa kwenye ratiba.

Pia tukikuta tambiko linaendelea tusimame pembeni au tupite tu? Na Jongmyo Jumanne wanafunga, siku gani watu ni wachache? Mwenye kumjua mwongozaji mzuri anayeongea Kiingereza anishtue tafadhali.